Dobi Hakuhitaji Mama

Kibanda cha Makufuli,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta,
Mkabala na Kinyozi.

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi,
Kituo cha Televisheni.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUHARIBIWA KWA ZIMWI LILILOKUWA LIKIFANYA KAZI VIZURI

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe pamoja na wote wanaokushauri, ingawa kwa hao wa pili sijui kama walicho nacho ni afya au mazoea tu ya kupumua. Mimi ni fundi wa makufuli na vitasa, mume wa mke mmoja, na mpenzi wa filamu za kutisha tangu enzi za mabanda ya video, tulipokuwa tunakaa kwenye mabenchi yasiyo na migongo ili hata nyuma yetu kuwe na cha kuogopa. Si mtu wa kulalamika. Maji yalipokatika nilinyamaza. Barabara yetu ilipogeuka bwawa nilinunua mabuti. Lakini hili mlilomfanyia Dobi limenifika hapa, na ninapoandika "hapa" naonyesha kooni.

Kwa faida ya vijana wako ambao pengine wameajiriwa juzi, niruhusu nieleze Dobi ni nani. Katika filamu ya kwanza hatuambiwi chochote, na hapo ndipo palipokuwa na utamu wake. Kuna uwanja, kuna kamba, kuna mashuka meupe yameanikwa. Maji yanadondoka, to, to, to. Upepo unapita, mashuka yanapepea, moja halipepei. Ukitazama chini, hilo moja lina miguu. Basi. Kunapokucha, mwenye nyumba anakutwa kitandani amekunjwa mara nne, pembe kwa pembe, kama shuka la hotelini. Hakuna aliyeuliza Dobi kasoma wapi. Zikafuata nyingine: *Dobi Amerudi*, *Dobi Hajaondoka*, *Dobi Safari Hii Kweli*. Hata zile mbovu, na zilikuwa mbovu hasa, ziliheshimu jambo moja: mzee haongei, haelezwi, anaanika.

Sasa ninyi mmetuletea tamthilia, *Dobi: Chimbuko*. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili msiyakwepe.

1. Mmempa mama.

Sehemu ya kwanza, saa nzima, tunamtazama mwanamke akifua nguo za watu huku kitoto kimekaa ndani ya beseni. Nikamwambia mke wangu, "Subiri, sasa hivi beseni linapinduka lenyewe." Halikupinduka. Kitoto kikakua, kikajikuna, na sehemu ya pili tukaelezwa kwa utaratibu kabisa, na daktari mwenye miwani, kwamba kina mzio wa sabuni. Ndugu Mkurugenzi, tafadhali isome tena sentensi hiyo ukiwa umesimama. Zimwi lililotufanya tuanue nguo mapema kizazi kizima, kumbe linawashwa na sabuni ya unga! Mtu wa namna hiyo hakimbiwi. Anapakwa mafuta ya mgando.

2. Mmemvuta.

Filamu ilikuwa ya saa moja na nusu. Ukitoka hapo unatafuta mtu wa kukusindikiza. Ninyi mmeitandaza kwa sehemu kumi, na Dobi mwenyewe, yule wa shuka, anatokea sehemu ya nane, kwa mbali, akimsubiri mtu amalize kuongea na simu. Hii ni supu ya kuku mmoja iliyoongezwa maji mpaka kuku akajifunza kuogelea. Sehemu ya nne sitaisemea sana. Sehemu ya nne yote ni kikao cha ukoo kuhusu kiwanja. Mimi nina ukoo. Vikao hivyo navipata bure, na kwetu watu wanatishana zaidi.

3. Mmezima taa.

Zamani giza lilikuwa linaficha kitu. Giza lenu linaficha kwamba hakuna kitu. Niliongeza mwanga wa televisheni mpaka ukagoma, nikaiona sura yangu kwenye kioo, mdomo wazi, na ndicho kitu pekee kilichonishtua msimu mzima. Jirani yangu kinyozi, ambaye tumetazama pamoja filamu zote tangu ujana, alimwita fundi akidhani televisheni imekufa. Fundi akaikagua mbele na nyuma, akafunga begi lake, akasema, "Televisheni yako nzima, kaka. Mgonjwa ni tamthilia."

Na msidhani sijaona mengine. *Ghorofa ya Kumi na Tatu*, ambayo lifti yake ilitufanya tupande ngazi mpaka mapigo ya moyo yakatushtaki, leo ni tamthilia ya wapangaji wanaogombania bili ya umeme, na lifti imepewa sauti, inatoa nasaha za ndoa. *Kicheko*, ile sauti ya kwenye simu, sasa tunajua inacheka nini. Inacheka kwa sababu iliachwa na mchumba. Kuachwa! Kama kuachwa kungekuwa kunazaa mashetani, mtaa wetu ungeshawapangia zamu.

4. Mmenigombanisha na mama mkwe.

Mama mkwe wangu anakaa kwetu tangu alipopasuliwa goti. Ni mtu mzima anayeheshimika, na zamani akisikia muziki wa Dobi tu, alikuwa anabeba kikombe chake cha chai na kuondoka sebuleni kwa adabu. Nilikuwa nampenda kwa hilo. Siku hizi rimoti analala nayo. Dobi anamkunja mtu, mtu analia, mifupa inalia, na mama mkwe anafuta machozi kwa pembe ya khanga: "Masikini mtoto wa watu. Hakupata malezi huyo." Anamsema yule mama wa kwenye televisheni kana kwamba wanadaiana. Jumamosi iliyopita alinigeukia mimi, nimekaa zangu, akauliza, "Mkwe wangu, na wewe ulibebwa mgongoni vizuri kweli?" Nilikwenda kukagua kitasa cha mlango wa jikoni, ambacho hakikuwa na tatizo.

5. Mnahatarisha usalama wa raia.

Hapa naomba mkae vizuri. Kazi yangu, Ndugu Mkurugenzi, inasimama juu ya hofu ya watu. Sioni aibu kulisema hilo. Daktari anasimama juu ya malaria. Kila *Dobi* ilipooneshwa, kesho yake watu walipanga mstari kibandani kutaka komeo la ziada, na wezi halisi, ambao hawana shuka wala chimbuko, wakagonga mwamba. Hofu ya kitu kisichokuwepo ilitulinda na vitu vilivyopo. Sasa sikilizeni kilichotokea. Mwalimu mmoja mstaafu, mama anayeishi peke yake, ambaye nilimfungia mnyororo wa mlango kwa mikono yangu, aliniita nyumbani kwake. Nilidhani umelegea. Akasema, "Fundi, nifungulie huo mnyororo uuondoe."

"Mwalimu, kuna nini?"

"Nimefikiri sana. Huenda huko nje kuna mtu anabisha, ana baridi, hana kwao. Mimi nimjibu kwa mnyororo?"

Niliuondoa, kwa sababu mteja ni mteja. Leo ni mwalimu. Kesho ni mtaa. Keshokutwa magereza yataanza kufungua milango kwa kuwa kila aliyemo alikuwa na utoto, benki zitaacha kasha wazi mwizi asijisikie ametengwa, na simba wa hifadhi atatafutiwa mlezi. Siku hiyo msiniulize nani aliyeanza. Mlianza ninyi, na beseni.

6. Mke wangu.

Hili sikutaka kuliandika, lakini bila hili barua ingekuwa ya unafiki. Mke wangu ni mkunga. Damu haimtishi, kelele hazimtishi, na wanaume wanaozimia mlangoni mwa wodi anawaruka tu akiendelea na kazi. Kitu kimoja ndicho kilichokuwa kinamtoa roho: shuka lenye miguu. Nilimfahamu bandani, hatujuani, amekaa pembeni yangu kwa bahati tu. Upepo ukapita, mashuka yakapepea, moja likagoma, na yule dada akanikamata mkono kwa kucha zake zote. Filamu iliisha, taa zikawaka, akawa bado hajaniachia. Mimi sikumkumbusha. Hivyo ndivyo nilivyooa.

Tangu hapo, tukinuniana, na watu wawili wenye kazi za kuamshwa wakati wowote hununiana sana, nilikuwa sisemi kitu. Naweka *Dobi*. Upepo unapita, mkono unakamatwa, ugomvi umekwisha. Hakuna mshenga wala kikao. Mmeniachia nini sasa? Mke wangu anakaa mwisho kabisa wa kochi, upande wa mama yake, wanajadili makuzi. Nimesogeza mkono wangu mpaka katikati ya kochi, nimeuacha pale kama kitu kilichosahauliwa na mgeni. Jumamosi iliyopita aliuwekea bakuli la karanga.

Kutokana na hayo yote, naomba kwa heshima mambo yafuatayo. Kwanza, tamthilia isimamishwe. Pili, taarifa ya habari itangaze, kwa sauti ya yule msomaji mzito, kwamba uchunguzi umekamilika na Dobi hana mama, hana mjomba, hana kiwanja, wala hakuwahi kuwa mtoto. Tatu, na hii ndiyo fidia yangu binafsi: nileteeni mfanyakazi wenu mmoja, mwenye miguu inayotisha kiasi, ajifunike shuka jeupe na kusimama kwenye kamba yetu ya nguo Jumamosi jioni, upande unaoonekana kutoka dirisha la jikoni. Asiseme neno. Asijieleze. Dakika chache zinatosha, mengine nitayamaliza mwenyewe.

Nisalimie mafundi mitambo, mlinzi wa getini, mama wa chai, na yule dada wa hali ya hewa, ambaye kwa sasa ndiye mtu pekee kituoni kwenu anayenitia wasiwasi wa kweli. Wasalimie na waandishi wa tamthilia, mmoja mmoja, kasoro aliyeleta mzio.

Ni mimi, wako katika ulinzi wa hofu ya taifa,

Fundi Makufuli

N.B. Barua hii ilikaa mfukoni nikisubiri nafasi ya kwenda posta, na Jumamosi ikafika. Kinyozi, nilipomsomea ombi la tatu, alisema kwa nini tusumbue wakubwa, miguu hata yeye anayo. Akajifunika shuka, akasimama kambani. Nilimwita mke wangu jikoni kwa kisingizio cha bomba linalovuja, na mama yake akafuata kwa fimbo yake. Upepo ukapita. Nguo zikapepea. Shuka halikupepea.

Mama mkwe ndiye aliyeona kwanza. Hakupiga kelele. Alifungua dirisha akasema, "Mwanangu, unasimama nje na njaa hiyo? Ingia ndani!" Akaanza kupakua chakula. Na mimi, Ndugu Mkurugenzi, mimi niliyeandika kurasa zote hizi, nikajikuta nikisema kwa sauti ya mtu aliyeguswa: "Mama, mwongezee nyama. Huyo tangu abaki peke yake sehemu ya sita hajapikiwa na mtu." Nilisema hivyo nikijua kabisa aliyemo ndani ya shuka ni kinyozi, na kinyozi alikuwa ametoka kula kwake.

Mke wangu alinitazama, akalitazama shuka, akaanza kucheka. Alicheka mpaka miguu ikamwishia, akanidaka mkono asianguke, na tulipokaa mezani, sisi, mama yake na Dobi anayetafuna, alikuwa bado hajauachia. Kwa hiyo barua hii msiifanyie kazi. Naituma kwa sababu tu nimeshanunua stempu.

Ila yule anayebisha hodi mwishoni mwa sehemu ya kumi, kabla picha haijakatika, ni baba yake Dobi, sivyo? Usinijibu. Au nijibu, lakini uandike juu ya bahasha kwamba ni mambo ya vitasa, mama mkwe asije akaifungua kabla yangu.