Ekseli ya Namba 14 Kupewa Likizo ya Uchovu

Kigali, 14 Machi 1990

Kwa Bwana Kabera,
Mkurugenzi wa Kampuni ya Mabasi

Bwana Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kiti chako. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tunayotengenezea mabasi. Kifaransa tumeiachia ile mashine mpya.

Mimi ni Salvator, fundi mkuu wa gereji yako, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Jumatatu injinia Léonce, aliyerudi juzi kutoka Ubelgiji na kisanduku chenye kioo, alipima ekseli ya nyuma ya basi namba 14, la njia ya Masaka. Akasema ndani kuna ufa, na basi likasimamishwa papo hapo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mashine hiyo hutoa sauti isiyosikika. Mimi hugonga ekseli kwa nyundo: nzima huimba, mbovu hukohoa, na gereji nzima husikia. Ya namba 14 iliimba. Lakini Léonce anasema sauti yake iliingia kwenye chuma, ikakuta ufa mwembamba kuliko unywele pasipofika macho, ikarudi kabla ya wakati wake. Ushahidi ni mstari wa kijani ulioruka kwenye kioo. Bwana Mkurugenzi, hata mfanyakazi wako akirudi kabla ya wakati, hujawahi kuamini hadithi zake.

2. Kabla ya kupima aliipaka ekseli mafuta mazito kama ute. Mke wangu Béatha alipakwa kitu kama hicho tumboni mwaka jana hospitalini, wakamwonyesha kitinda mimba wetu kwenye kioo. Mafundi sasa wananiuliza namba 14 itajifungua lini.

3. Hili ndilo linaloniuma hasa. Nilimuuliza Léonce chuma kigumu vile kimepasukaje bila kugonga kitu. Akajibu kwamba kimechoka. Mzigo juu, mashimo chini, kinapindwa kidogo kidogo kila siku kwa miaka tisa bila mtu kuona. Uchovu, umunaniro wa kwetu, Bwana Mkurugenzi! Agosti iliyopita niliomba likizo ya wiki mbili kwa umunaniro huohuo, nawe ukanijibu, kwa mhuri, kwamba uchovu si ugonjwa. Barua yako ninayo. Sasa ekseli, ambayo haikuandika hata mstari mmoja wa maombi, imelazwa kivulini juu ya magogo mawili.

4. Kama chuma huchoka, haki iwe kwa wote. Mgongo wangu upakwe mafuta upimwe. Winifred, karani wetu wa tiketi, aliyenicheka kuliko wote, apimwe mbavu. Kisha kisanduku kipelekwe Kacyiru, kipite wizara hadi wizara, na kila kiti kilichobeba mtu yuleyule muda mrefu mno kipumzishwe.

5. Kwa hiyo nadai namba 14 irudi njia ya Masaka kesho asubuhi, imejaa watu na ndizi zao kama kawaida. Nyundo imesema, nami nimesema. La sivyo, nipewe likizo yangu, na magogo yangu mawili.

Nisalimie mama watoto, watoto wenyewe, mlinzi wa lango na yule katibu wako anayepoteza barua. Msalimie na Léonce, bila mafuta.

Wako mtiifu, asiye na ufa unaojulikana,

Salvator
Fundi Mkuu

N.B. Unakumbuka kwamba Jumamosi binti yetu Mutoni anaolewa, nawe uliahidi kutuazima basi la kupeleka wageni kanisani. Winifred ametuandikia namba 14, ati ndilo pekee lisilo na kazi. Nakuomba sana, tupewe jingine lolote, mradi Léonce alipime kwanza. Mafuta nitamshikia mimi mwenyewe. Mutoni ameisoma barua hii kabla sijaifunga, akaniuliza kama watu wa Masaka hawana mabinti. Nimeona aibu. Ukweli ni kwamba jana niliigonga ile ekseli mara saba, na mara ya saba ilikohoa. Basi lisiende popote. Barua ichome moto, ila lalamiko la tatu libaki.