Kona ya Duka la Dawa Inatitia

Jumatatu, 4 Machi
Mhandisi amekuja kukagua jengo langu. Kasema msingi wa kona ya mbele unatitia. Udongo unashuka, na kona inaufuata. Hapo ndipo lilipo duka la dawa la Mama Vidonge, mpangaji wangu bora kuliko wote. Mhandisi amebandika vipande vya vioo juu ya nyufa. Kioo kikipasuka, ni dalili kwamba ufa unapanuka, na duka litafungwa wiki tatu tuchimbe na kumwaga zege. Wiki tatu! Na ng'ambo ya barabara shemeji, kaka wa mke wangu, ana jengo jipya lenye chumba kitupu. Siku hizi akimwona tu Mama Vidonge anakimbilia kumbebea mzigo.
Mama Vidonge asijue. Nimemwambia vioo ni urembo.

Jumanne, 5 Machi
Ameuliza ni urembo gani huo usio na mpangilio. Nimesema ndio mtindo wa kisasa.
Jioni kioo kimoja kimepasuka. Nimewaza na kuwazua. Jibu: plastiki! Nimekata mfuniko wa boksi la keki, nikabandua vioo vyote, nikabandika vipande vyangu. Havipasuki hata ukivikanyaga. Mke wangu kauliza kwa nini keki imejaa nzi. Nimemjibu namsaidia mhandisi. Kichwa ninacho, jamani.

Alhamisi, 7 Machi
Mlango wa duka haufungi. Nimeuranda chini. Ukafunga. Mchana umegoma tena. Nimeuranda juu. Mama Vidonge analalamika kwamba panya sasa wanaingia bila kuinama. Nimemweleza kuwa dawa zinahitaji hewa. Shemeji kaniuliza kutoka ng'ambo kama mlango utabaki au nitaumaliza wote. Nimejifanya sijasikia. Imeniuma lakini.

Jumamosi, 9 Machi
Mhandisi karudi. Kasema ajabu, hakuna kilichopasuka. Nikasema ajabu kweli. Kasema basi udongo umetulia, tutaziba nyufa tu. Nusura nimkumbatie. Kisha akagonga kipande kimoja kwa ukucha. Akakikunja. Kikakunjika. Akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyekunywa dawa ya kupaka.
Akateremsha timazi, kamba yake yenye uzito, kupima unyoofu. Ukuta umeinama. Kaamuru duka lihamishwe leo hii.
Mama Vidonge hakupaza sauti. Kaniita mdogo wake. Kasema ningemwambia Jumatatu angefunga wiki tatu, akamtembelee mama yake, arudi. Badala yake nimemwacha na wagonjwa wake chini ya ukuta unaoanguka. Nyufa angezivumilia, mimi hawezi kunivumilia. Amehamia kwa shemeji.
Nimeona aibu. Sikula chakula cha usiku.

Jumatatu, 11 Machi
Mke wangu amekwenda kuniombea msamaha. Mama Vidonge kalainika kidogo. Atarudi iwapo mhandisi mwenyewe atamhakikishia kwamba kona ni imara. Ila mwezi usipite, maana shemeji anataka kumwandikia mkataba. Nimemshukuru mke wangu mpaka akachoka.

Jumatano, 13 Machi
Kazi inaanza. Mimi ni mtu mpya. Hakuna tena ujanja.
Mhandisi amegawa ukuta sehemu sita. Tuchimbe shimo moja chini ya msingi, tujaze zege, likauke, ndipo tuhamie lingine. Kasema ukuta unasimama juu ya sehemu ambazo hazijachimbwa. Kalirudia hilo mara mbili, akinitazama mimi. Nimeitikia kwa unyenyekevu. Shimo la kwanza ni Jumatatu, kwa sababu kesho anasafiri kwenda harusi ya binamu yake.
Nimekaa nikafikiri. Moja moja, wiki tatu. Yote sita kwa pamoja, siku moja! Mhandisi akirudi atakuta imebaki kumwaga zege tu, na Mama Vidonge atarudi kabla hajazoea kwa shemeji. Nimeagiza vibarua sita waje alfajiri, kila mmoja na sururu yake. Sijamwambia mtu. Nataka wafurahi kwa ghafla.