Malalamiko Dhidi ya Dada Polepole wa Chumba cha Kompyuta

Ndugu Mkurugenzi wa Hospitali,

Kwa heshima na uchungu, naandika kumhusu fundi wetu wa programu, tunayemwita Dada Polepole, ambaye uangalifu wake sasa umepita mipaka ya adabu.

1. Hagusi programu ya wodini mpaka aijaribu kwenye kompyuta ya pembeni, kwa wagonjwa aliowabuni mwenyewe. Yaani watu wasiokuwepo wanahudumiwa kwanza, sisi wenye pumzi tunasubiri.

2. Nilimwagiza abadilishe ukurasa wa dawa. Akaenda kuwauliza manesi. Mimi mwenye ofisi, mwenye kiti cha kuzunguka, sikuulizwa hata rangi.

3. Kila jioni huweka nakala ya programu na kumbukumbu zote, kisha huifungua aone kama kweli inafunguka. Huyu ni mtu wa kufunga mlango na kurudi kuusukuma. Hana imani hata na nafsi yake.

4. Hili ndilo lililonikaa kooni. Nesi akiandika dozi isiyolingana na uzito wa mgonjwa, skrini inakuwa nyekundu na programu inagoma. Tangu lini kompyuta ikamsuta mtu mzima mbele ya wagonjwa? Nimemwamuru aliondoe onyo hilo. Amekataa, tena kwa upole, jambo linaloudhi zaidi.

Kwa hiyo naomba ahamishiwe stoo ya mashuka, huko akakague atakavyo. Nafasi yake aishike mpwa wangu, mtu mwepesi, anayetengeneza mambo papo hapo kwenye programu ya wodini, wagonjwa wakiwa ndani. Nimeshampa nywila leo asubuhi, na onyo jekundu ameliondoa kabla chai yangu haijapoa.

Wasalimie wote nyumbani, na wazee wa bodi.

Wako mtiifu kazini,
Msimamizi wa Ofisi

Nyongeza: Tafadhali barua hii usiifanyie kazi. Ningeichana, ila imeshagongwa muhuri. Mchana huu nesi mmoja kaongeza sifuri moja kwenye dozi, na programu ikakubali kimya. Mgonjwa ni mama yangu mzazi. Dawa ilishavutwa kwenye sindano. Nesi mkuu, mmoja wa wale walioulizwa, ndiye aliyeitilia shaka na kuizuia. Mpwa wangu hapokei simu. Nimekaa kando ya kitanda cha mama. Dada Polepole anarudisha nakala ya jana, na amesema lazima kwanza aijaribu kwenye kompyuta ya pembeni. Nimemwambia asiharakishe.