Jicho la Juu ya Meza ya Nyama

Jumatatu, 3 Juni

Leo jikoni wameleta macho. Juu ya kila meza ya kupakulia wamefunga kamera, na mbele ya kila sufuria wamebandika taa ndogo. Taa ya kijani ikiwaka, hapo ndipo unapochota. Ukipeleka mkono pengine inawaka nyekundu, kila mtu anakuona. Zamani kila mtu alipakua chakula kimoja, mimi nyama; sasa kila meza ina sufuria zote, na ukimaliza kijani kinahamia sufuria inayofuata. Wali, nyama, mboga, mchuzi, funika, sukuma. Masanduku ya chakula cha mchana yanakwenda maofisini, na bosi anatutazama kwenye skrini ofisini kwake bila hata kunusa moshi.

Mitambo imeletwa na binti mmoja mwenye miwani anayeongea taratibu kama anayembembeleza mgonjwa. Kasema mashine haijui kitu bado. Itamtazama mpakuzi mmoja akifanya kazi, ijifunze, kisha taa ziwaongoze wengine wote wafanye vilevile. Bosi akadakia kwamba atakayeifundisha mashine ndiye atakayekuwa msimamizi wa zamu. Akaongeza, huku anatabasamu, kwamba mashine ikishajua kazi baadhi yetu watapunguzwa. Sijawahi kuona tabasamu baya namna ile.

Nikipunguzwa narudi bandani kwa shemeji, kaka wa mke wangu, kunyonyoa kuku. Nilinyonyoa kuku wake mwaka mzima kabla ya kupata kazi hii. Mpaka leo nikinusa manyoya yaliyolowa maji ya moto nahama njia. Na mke wangu yuko mwezi wa nane. Sitaki mwanangu azaliwe akute baba yake ana manyoya puani.

Kwa hiyo ni lazima mashine ifundishwe na mimi. Kizuizi ni mmoja tu: Mama Wembe, wa meza ya mboga. Wamempa jina hilo kwa ajili ya kisu chake, lakini mimi naogopa zaidi macho yake. Kila mtu anadhani atachaguliwa yeye. Tutaona.

Jumanne, 4 Juni

Mpango umefanikiwa. Nilimvuta binti wa kamera pembeni nikamwambia kwa huruma kubwa kwamba Mama Wembe ana magoti mabovu, maskini, hasemi tu, na kusimama mbele ya kamera kutwa kutammaliza. Uongo mtupu. Mama Wembe anabeba gunia la vitunguu begani huku anapiga mluzi. Lakini binti nusura atoe machozi. Kaenda ofisini kwa bosi karudi na kiti cha wageni, kile chenye mto, akamkalisha Mama Wembe kwa nguvu.

Mama Wembe kauliza ni nani kasema ana magoti. Nikajifanya nafunga aproni. Akakaa. Tangu nianze kazi humu sijaona mtu kakaa.

Nikachaguliwa mimi. Ningefurahi, ila kiti wamekiweka mbele ya meza yangu, eti anishauri. Kamera juu, Mama Wembe mbele, kakunja mikono. Nilihisi natazamwa mpaka kwenye mifupa.

Sasa niandike jambo ambalo hata mke wangu halijui. Mimi nikiogopa, nakula. Si ulafi. Kipara, mwenzetu wa wali, akiwa na mashaka anavuta sigara. Mimi natafuna nyama. Kwenye sanduku la kwanza mkono ukachota vipande vinne badala ya vitatu. Vitatu vikaingia sandukuni, cha nne kikaingia kinywani chenyewe. Nikainua mkono kama ninayefuta jasho. Nikajiambia kamera inatazama meza, mdomo wangu inautakia nini?

Sanduku la pili nikaogopa kwamba nimeonekana kwenye la kwanza. Nikala tena.

Binti kanitia moyo. Kasema nifanye kama nilivyozoea, mashine inapenda mazoea. Nikafanya kama nilivyozoea. Adhuhuri akaondoka, akasema atarudi Ijumaa, na kwamba nikichoka nipokezane na Mama Wembe. Nipokezane na nani? Nimepigana kuupata usimamizi huu.

Jumatano, 5 Juni

Siku ya pili ya kufundisha. Hofu kutwa nzima, kwa hiyo nyama kutwa nzima. Mkanda nimeulegeza mara mbili. Mama Wembe alisema neno moja tu, akinipita kwenda kunawa: kwamba kwa mtu anayetazamwa, nina hamu nzuri sana ya kula. Nikamwambia naonja chumvi. Akaniuliza kama chumvi ya sanduku hili ni tofauti na ya sanduku lile.

Nyumbani mke wangu alikuwa anapiga pasi vinguo vya mtoto. Taa nyekundu ya pasi ikawaka. Mikono yangu ikapanda juu yenyewe, kama mtu aliyekamatwa na polisi. Kaniuliza nina nini. Nikasema nanyoosha mabega. Akaniwekea chakula, sikukigusa, nimeshiba nyama hadi kooni. Sasa anaamini naumwa na ninamficha.

Shemeji kapiga simu kuuliza habari za makamera. Ananiita Mheshimiwa, na si kwa heshima. Kasema bandani nafasi ipo, aproni yangu hajampa mtu. Nimekata simu nikasingizia mtandao.

Alhamisi, 6 Juni

Mwandiko wangu leo ni mbaya, nisamehewe.

Leo taa zimewashwa kwenye meza zote. Wa kwanza kujaribu alikuwa Kipara. Wali: kijani, safi. Nyama: akachota vipande vitatu, akaweka. Nyekundu. Akaongeza cha nne sandukuni. Nyekundu. Akakitoa. Nyekundu bado. Akabaki kakishika kile kipande, kaduwaa, masanduku yanarundikana nyuma yake. Basi akainua mkono ajikune masharubu, kipande kiko vidoleni. Nyekundu ikazimika. Kijani kikawaka kwenye mboga.

Mimi nilielewa kabla yake.

Sanduku la pili Kipara akainua mkono mtupu mpaka mdomoni. Ikakataa. Akaitazama nyama. Akaitazama kamera. Akala. Kijani! Akatangaza, huku anatafuna, kwamba jamani, mashine inataka tule.

Muda si muda jiko zima linatafuna. Sijawahi kuona watu wanatii amri vizuri hivyo. Wengine wakawa wanamwombea bosi maisha marefu kwa moyo wake wa huruma. Nikapita meza hadi meza nanong'ona waache, wananiua. Wakanijibu kwamba wao ni nani wabishane na taa. Meza moja tu ilisimama na nyekundu yake bila kutafuna, ya Mama Wembe. Alikuwa ananitazama mimi.

Nyama ikaisha masanduku hayajaisha. Ofisi za mwisho zimepelekewa wali na mboga. Simu zikaanza kulia. Bosi akashuka jikoni na viatu vyake vinavyong'aa, akauliza mwizi ni nani. Kipara akasema, kwa unyenyekevu, kwamba wao wameongozwa. Bosi akauliza mashine ilifundishwa na nani. Vichwa vyote vikanigeukia.

Mdomo wangu ukafunguka bila ruhusa yangu. Nikasema tulifundisha wawili, mimi na Mama Wembe, kwa kupokezana, kama tulivyoelekezwa. Nilidhani atanirukia. Hakukana. Alifuta kisu chake akakirudisha mahali pake. Bora angenitukana.

Bosi kasema kesho binti anarudi na picha zitafunguliwa mbele ya wote. Nyumbani nimesema nalia kwa sababu ya vitunguu; mke wangu kaniuliza vitunguu gani wakati hatupiki vitunguu.

Ijumaa, 7 Juni

Nilipiga moyo konde. Niliwahi kazini kabla ya wenzangu, nikapanda juu ya kile kiti chenye mto, nikaipaka kamera ya meza yangu mafuta ya kupikia. Nia yangu ilikuwa picha zisionekane. Nilisahau kwamba picha zilishapigwa, ziko ndani ya mashine. Kamera ilipoona ukungu, taa zote za jiko zikawa nyekundu kwa pamoja na king'ora kikalia. Sikujua mashine ina king'ora. Bosi kanikuta nimesimama kitini, kidole kina mafuta. Nikamwambia nasafisha. Akaniagiza nisafishe kamera zote, na nimezisafisha zote.

Kisha ofisini kwa bosi, wote tumebanana, Mama Wembe kaletewa kiti chake kwa ajili ya magoti. Binti akafungua picha.

Mikono tu. Kutoka juu uso hauonekani. Glavu, mkono wa koti jeupe, vilevile tunavyovaa sote. Mkono unachota vinne, unaweka vitatu, unapotea nje ya picha, unarudi mtupu. Tena. Tena. Mtu mmoja akaanza kucheka, akaacha. Bosi hakucheka. Kasema mwenye mkono huu anaondoka leo hii, bila kuaga, na akauliza ni wa nani.

Nikawaza kuku. Nikawaza mke wangu, ambaye siku hizi hawezi hata kuviona vidole vyake vya miguu. Nilijiambia niseme. Sikusema. Nilimtazama Kipara, ili watu wengine nao wamtazame Kipara.

Mama Wembe akainuka kitini. Kasema ni wake.

Kasema taratibu kabisa kwamba yeye hatoi chakula ambacho hajakionja. Kwamba yupo humu tangu baba yake bosi akiwasha majiko mwenyewe, na kama kuonja sasa ni wizi, basi apokewe aproni sasa hivi, na atafutwe mwingine wa kujua nyama ipi imeharibika kabla wateja hawajaijua kwa matumbo yao. Bosi akakohoa. Akatazama viatu vyake. Kisha akasema hicho ndicho alichokuwa anakihubiri siku zote, ubora.

Nje kwenye korido Mama Wembe aliniambia, bila kunitazama, kwamba yeye hawamfukuzi lakini mimi wangenifukuza, na mtoto aliye njiani hajamkosea mtu. Akaongeza kwamba akiniona tena napeleka mkono mdomoni ataukatakata saizi ya kachumbari. Nilitaka kumshukuru. Badala yake nikakaa kwenye kiti chake, kilichokuwa kimeshatolewa ofisini.

Nimenusurika. Nimemkumbatia mke wangu mpaka kasema namkaba.

Jumamosi, 8 Juni

Nilidhani leo nitapumua. Wapi.

Bosi katukusanya asubuhi. Mama Wembe ndiye msimamizi wa zamu. Sawa, nilitarajia. Lakini hakuishia hapo. Ameunda cheo kipya, Mwonjaji Mkuu. Ni huyohuyo Mama Wembe: atavalishwa kofia ndefu nyeupe, inaletwa Jumatatu. Mashine inafundishwa upya, wengine wote wasile, ila yeye atawashiwa taa ya bluu, ya peke yake, na ikiwaka ataonja kila sufuria mchana kweupe na hakuna wa kumuuliza. Watu wakapiga makofi. Kipara akapiga mluzi.

Halafu wakatundika picha mlangoni, ndani ya fremu. Ule mkono! Chini wameandika "Mkono wa Ubora". Nikasimama pale nikautazama. Ni mkono wangu. Kile kipande nilikichagua mimi, chenye mafuta kidogo pembeni. Na binti wa kamera, mtu wa kusoma, kasema mbele ya wote kwamba hajawahi kuona mkono mwepesi vile, haumwagi, hausiti. Kamgeukia Mama Wembe kumpongeza. Mama Wembe kaitikia asante.

Asante ya nini? Alikuwa amekaa!

Nimemweleza mke wangu yote, mwanzo hadi mwisho. Kanisikiliza, kisha kaniambia nikamnunulie yule mama kitenge, nimshukuru Mungu na nifunge mdomo. Hakuelewa kabisa ninachosema.

Jumapili, 9 Juni

Hofu imeniisha. Mara ya kwanza wiki hii nimekunywa chai bila kikombe kugonga meno.

Nimefikiri kutwa nzima na ushahidi nimeupata. Kwenye ile picha, glavu imevimba kidogo kwenye kidole cha pete. Pete yangu ya ndoa siivui hata nikioga. Mama Wembe ni mjane, havai pete. Kesho asubuhi, kabla hiyo kofia haijaletwa, nagonga mlango wa bosi. Nitamwomba amwite binti wa kamera, na Kipara awe shahidi. Nitauvisha mkono glavu, niuweke kando ya picha, na nimwambie wazi kwamba kila kipande kilicholiwa pale, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, nilikila mimi, na Mama Wembe hakugusa hata kimoja. Haki ya mtu haipotei hivihivi.

Shati nimelipiga pasi mwenyewe. Nimemwomba mke wangu anipime kichwa kwa utepe wake wa kushonea, ili wakiniuliza saizi ya kofia niwe na jibu. Hajanipima. Yuko nje, anaongea na kaka yake kwenye simu.