Bega Lililojifungua

Jumatatu, 12 Januari
Balaa! Shemeji yangu Hon-kei anakuja Foshan kututazama tukicheza ngoma ya simba siku ya Mwaka Mpya wa Kichina. Miaka yote nimemwambia kwenye simu kwamba mimi ndiye mpiga ngoma wa chama, nikigonga vioo vinapasuka ng'ambo ya mto. Ukweli: mimi ni mkia. Nainama ndani ya simba wetu wa kitambaa, uso kwenye makalio ya Tam muuza samaki, anayecheza kichwa. Hakuna anayeona hata kisigino changu. Ila mpiga ngoma wetu kahamia kwa mwanawe, na Mwalimu Seto kasema ngoma atapewa aliyeumia, asiyeweza kucheza. Basi. Kesho naumia.

Jumanne, 13 Januari
Nimeumia bega. Nimelia vizuri mno, mbwa wa jirani akaitikia. Tam akasema, "Mzee Bing, si jana tu ulibeba gunia la mchele huku unaimba?" Wivu! Mwalimu akanipeleka kwa mkewe, Mama Seto, anayetibu misuli ya chama kizima. Akanipaka mafuta ya kafuri, akanikwangua kwa kipande chake cha pembe ya nyati. Msuli ulioumia ukikwanguliwa hutoa wekundu. Mimi nikabaki mweupe kama tofu. Akasema hili bega la ng'ombe, lirudi mkiani. Nikamwambia damu yangu ina haya, huchelewa kutoka. Akasema haya, nije Alhamisi.

Alhamisi, 15 Januari
Mke wangu ana rangi nyekundu ya kupaka mayai, yale tunayowagawia watu mtoto mchanga akitimiza mwezi, na mjukuu wetu anatimiza. Nikajichora mistari begani. Kazi safi! Daktari angelia. Nilisahau kitu kimoja: mafuta. Mama Seto kupaka, kukwangua kidogo tu, bega lote likahamia kwenye taulo, kwenye pembe, viganjani mwake. Akatazama mikono, akauliza kwa sauti ya kufika sokoni: "Hongera, baba! Bega limejifungua lini? Na mayai yetu yako wapi?" Chama kizima hoi kwa kicheko. Adhabu: mkia mchana kutwa, nimnyanyue Tam ili simba afikie majani ya saladi yanayotundikwa juu ayang'ate kwa kinywa, yalete baraka.

Jumamosi, 17 Januari
Tam hula samaki wote asiowauza. Nilimnyanyua, bega likalia kwaa! Nikamwachia. Kaanguka kitako. Naumwa kweli, mama yangu! Mama Seto hakuamini. Kwanza kanisugua kwa sabuni na brashi ya masufuria. Ndipo pembe. Wekundu! Zambarau kabisa! Nikapiga kelele, oneni jamani, oneni! Nikadai ngoma yangu. Mwalimu akasema ngoma kapewa Tam, maana kitako chake hakiwezi kuruka. Mimi nitashika mti wa kutundikia saladi, kwa mkono uliobaki mzima.

Jumatatu, 26 Januari
Mwaka Mpya. Tam kapiga ngoma amekalia mto wa hariri, analetewa chai! Nikamweleza shemeji kwamba mshika saladi ndiye mkuu wa simba, bila mimi mnyama hafungui kinywa. Akasema "mm," akaenda kupiga picha na Tam.
Nimelitambua kosa langu. Bega si mahali pa kuumia. Mwakani naumia makalio. Rangi imebaki nusu chupa. Nimemwomba mke wangu anichore mistari, mkono wangu haufiki. Kaniuliza, je, na mafuta?
Mafuta gani tena?