Ngoma ya Pasikali na Kundi la Wasiocheza

Pasikali wa Kibondo alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Aliposikia kuna shirika linatafuta utafiti unaoonyesha kwamba ngoma inaponya, ili liufadhili mradi mzima, mate yakamjaa. Utafiti hakuujua, lakini suti alikuwa nayo.

Akashuka Busunzu kwa Mama Esteri, mfuga mbuzi. Akamwachia pikipiki yake, mali yake pekee duniani, akapewa mbuzi zizi zima. Majirani waliokosa usingizi wakaitwa, wakapiga ngoma kila jioni, wakala nyama, wakaapa kwamba sasa wanalala fofofo.

Deborah, mpimaji wa tafiti wa shirika hilo kutoka Kasulu, alisoma ripoti ya Pasikali akaguna.

"Kaka, hawa wameponywa na ngoma, au wangepona tu? Nionyeshe na wasiocheza, niwalinganishe."

"Wapo, dada! Wanateseka, maskini," akajibu Pasikali bila haya hata chembe.

Akarudi mbio kuunda kundi la pili: ngoma hawagusi, kazi yao kulalamika. Nao wakagoma. Wenzao wale nyama, wao wale hotuba? Mbuzi waliobaki wakachinjwa.

Siku ya ukaguzi Deborah akawageukia wasiocheza. "Usingizi vipi, wazee wangu?"

Hapo ndipo ujanja wa mjini ulipomponza Pasikali, maana alisahau adabu ya kwao. Mgeni akikujulia hali, hata kama mguu umevunjika, humtwishi shida zako. Mzee Ndayisenga, aliyefundishwa kuugua wiki nzima, akavua kofia.

"Ni amahoro, amani tupu, mwanangu! Tunalala mpaka jogoo anachoka kutuita."

"Amahoro!" wenzake wakaitikia, huku Pasikali akiwakonyeza mpaka jicho likatoa machozi.

"Waliocheza wanalala, wasiocheza wanalala," Deborah akasema. "Basi ngoma haijathibitisha kitu. Kuna chochote mlichopata nyote?"

"Mbuzi wangu," akajibu Esteri, aliyekuja kutazama ukaguzi, kabla mtu hajakohoa.

Utafiti wa ngoma ukatupwa. Shirika likaamua nyama ndiyo ichunguzwe, na mbuzi watoke kwa Esteri, kwa bei ya Esteri. Pasikali aliumia, tena sana. Akaenda kwa miguu mpaka Busunzu, suti imejaa vumbi, kuomba japo kinafasi kidogo kwenye utafiti huo mpya.

"Nafasi ipo, mwanangu," Esteri akamwambia kwa upole, akigeuza mishikaki. "Safari hii wanatafuta kundi lisilokula."