Pikapu Yangu ya Matairi Pacha

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimeamua. Naagiza pikapu mpya. Si ile ya dukani iliyokwisha kukaliwa na kila mpita njia. Ya kuagiza kiwandani, kwa jina langu, Verlon Stubbs. Ya kuvuta mizigo mizito!

Sababu ni moja tu, nayo inaitwa Clovis Hargett. Jirani yangu. Januari iliyopita gari langu lilichemka njiani tukimpeleka maksai wa binti yangu kwenye maonyesho ya wilaya. Nani akatokea? Clovis, na pikapu yake ya kiwanda kile kingine, mahasimu wa kiwanda chetu. Akafunga tela letu, akalivuta mpaka uwanjani, mimi nimekaa kando yake kama bibi harusi. Nusu ya Texas iliniona.

Marehemu baba hakuwahi kukanyaga gari la kiwanda kile. Aliwahi kutembea kwa miguu kwenye mvua ya mawe badala ya kupewa lifti nalo. Wynell, mke wangu, alizaliwa katika ukoo unaoyaendesha. Siku ya ndoa alibadili kanisa na kiwanda kwa pamoja. Kanisa halikumpa shida.

Mezani jioni nimemwahidi binti yangu Raelynn kwamba Januari hii nitampeleka kwenye maonyesho mimi mwenyewe, yeye na maksai wake, Biskuti. Ana miaka kumi na sita na anamlisha yule mnyama kwa mkono tangu akiwa ndama. Akauliza, "Kweli, Baba? Wewe mwenyewe?" Nikamwambia mimi mwenyewe, na Clovis abaki nyumbani akune kitambi. Wynell akaendelea kula viazi. Naujua ulaji ule. Ni wa dharau.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeagiza. Kijana wa mauzo anaitwa Kolby. Viatu vimechongoka na kung'aa. Havijawahi kuonana na kinyesi cha ng'ombe.

Akauliza navuta nini. Nikasema mizigo mizito. Akang'ang'ania: mizigo gani? Ng'ombe. Wangapi kwa safari? Swali la kipolisi hilo! Nikakiri kwamba kwa kawaida ni mmoja. Akasema basi ya kawaida inanitosha. "Mzee, hiyo ya matairi pacha nyuma ni pana mno. Wanainunua watu wanaovuta nyumba."

Nikamwambia aandike matairi pacha. Pikapu ya Clovis ina matairi manne. Yangu itakuwa na sita. Hesabu hiyo hata Clovis anaiweza.

Nimechagua pia viti vya ngozi vilivyochorwa pembe za ng'ombe, taa tano juu ya paa, na honi ya treni. Rangi ile nzuri kiwanda kinaiita "divai". Mimi ni shemasi wa Kibaptisti, na sisi hatugusi pombe. Nimeagiza divai, lakini kanisani nitasema ni nyekundu iliyoiva.

Nimemweleza Wynell yote. Jibu lake: "Mchagua jembe si mkulima." Mwanamke hana ndoto huyu.

Alhamisi, 27 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga mkavu. Pikapu hakuna.

Niliuza gari langu la zamani mwezi uliopita, kwa makusudi. Nilitaka Kolby asikie kwamba sasa sina usafiri, aone haya, akihimize kiwanda. Kumbe kiwanda hakina haya! Naendeshwa na Wynell katika kigari chake, magoti yamefika masikioni. Kolby nampigia kila asubuhi. Siku hizi anapokea mtu mwingine, anasema Kolby yuko chooni. Hakuna binadamu anayekaa chooni kiasi hicho.

Clovis amekuja na pai ya njugu za pekani aliyooka mkewe. Nimekula vipande vitatu, kwa uchunguzi tu. Akasema mbele ya watu wote, "Verlon, gari likichelewa nistue tu. Tela langu lipo, na huyu binti ni kama wangu." Kijicho kitupu! Nikamjibu kwamba akina Stubbs hawavutwi. Wynell akanikumbusha Januari iliyopita. Nikaomba nipitishiwe mchuzi.

Jumatano, 7 Januari

IMEFIKA!

Nimeizunguka mara nyingi. Nikatokwa na machozi kidogo. Upepo.

Gerejini haiingii. Makalio ya nyuma, yale yanayofunika matairi pacha, yanazidi mlango kwa kila upande. Ni kosa la aliyejenga gereji, yaani mimi, lakini zamani hizo watu walikuwa na magari ya kitoto. Italala nje. Dukani inachukua nafasi mbili za kuegesha, na bibi mmoja wa kanisani ameniita mchoyo. Maskini. Kigari chake kina milango miwili.

Nimempigia Clovis honi ya treni nikipita kwake. Alikuwa juu ya ngazi akitengeneza paa. Hakuanguka, akanipungia mkono.

Raelynn hana habari na pikapu. Anashinda bandani akimchana Biskuti manyoya. Amenieleza mara tatu: Jumamosi mizani inafungwa saa tatu asubuhi. Mnyama akichelewa kupimwa anarudishwa nyumbani, na kazi ya mwaka mzima imekwisha. Nikamwambia kwa matairi sita tutafika kabla ya mizani yenyewe. Akacheka, akanikumbatia. Alinuka ng'ombe. Nilifurahi sana, naandika wazi.

Ijumaa, 9 Januari

Mvua. Barabara ni tope tupu. Pikapu yangu, fahari ya wilaya, inafanana na nguruwe.

Lakini akili ni nywele. Nina mpango! Kesho alfajiri naenda mjini kwenye mashine ya kuoshea magari, ile ambayo gari huingia ndani likasuguliwa, narudi inang'aa, nafunga tela, tunaingia uwanjani Clovis akiwa pale na lake limejaa tope. Watu watatazama hili, watatazama lile, wataelewa wenyewe.

Wynell akasema maonyesho ni ya ng'ombe, kila gari litakuwa na tope, na kurudi nyumbani nitarudi kwenye tope hilohilo. Nikamwambia ndiyo maana wanawake hawaagizi pikapu. Akaniambia ndiyo maana wanawake hufika waendako.

Jumamosi, 10 Januari

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilifika kwenye mashine kabla ya jua. Pana kibao mlangoni: MAGARI YA MATAIRI PACHA HAYARUHUSIWI. Nilikisoma. Nikakiona ni cha watu wasiojua kuendesha. Kichwa kikaingia vizuri. Milango ikapita. Halafu ukatoka mlio ambao sikuwahi kuusikia kwenye gari jipya. Makalio yamenasa kati ya vyuma viwili!

Kurudi nyuma, matairi yanateleza kwenye sabuni. Mbele, yanateleza. Mashine haikujali. Ilimwaga povu, ikaleta brashi, ikanisugua palepale tu bila kusonga. Nilikuwa nimeacha dirisha wazi ili niongoze. Nimekula sabuni ya waridi.

Bi Earline, mwenye mashine, akazima umeme. Akauliza kama sijui kusoma. Nikasema najua. Akasema, "Basi ni ubishi tu. Afadhali ungekuwa hujui."

Nani akapita njiani? Nani mwingine! Clovis akashuka na mnyororo begani. "Jirani, tulia. Nakuvuta mara moja, unamuwahi mtoto."

Ilikuwa saa moja. Muda ulikuwepo. Lakini nje palikuwa na watu wanaonunua kahawa, na simu zao juu. Pikapu yangu mpya, ivutwe makalio na gari la kiwanda KILE? Kabla haijafunga tela hata mara moja? Baba angegeuka kaburini. Nikakataa. Nikasema namsubiri binamu yangu Hollis, mwenye gari la kiwanda chetu. Clovis akasema Hollis yuko mnadani, wilaya ya tatu kutoka hapa. Nikasema nina subira.

Raelynn akapiga simu. "Baba, uko wapi? Biskuti nimeshamfunga kamba." Nikamwambia nakuja. Akapiga tena. Sauti ilikuwa inatetemeka. Nikamwambia nakuja. Clovis alikuwa amesimama dirishani, anasikia yote. Akaukunja mnyororo wake na kusema, "Mnyororo huutaki, sawa. Mimi naenda kumchukua mtoto." Akaondoka mbio.

Zimamoto walikuja. Gari lao nalo ni la kiwanda kile! Nikawarudisha.

Hollis alifika saa nane mchana. Alinivuta huku akicheka mpaka akakohoa. Makalio yote mawili yamechubuka. Nikakimbiza hadi uwanjani. Mlinzi wa lango akasema hana nafasi ya gari pana, nikaegeshe kule malishoni, mbali. Nilikimbia kwa miguu, povu masikioni.

Biskuti alikuwa wa pili katika wilaya. Wa pili! Washindi huuzwa palepale, naye alikwisha kuuzwa. Desturi yetu ni kwamba mtoto mwenyewe humkabidhi mnyama wake kwa mnunuzi, baba akiwa kando, kwa sababu mnyama anakwenda machinjioni na hakuna mtoto asiyelia pale. Nilifika gari la mnunuzi likifunga mlango. Raelynn analia, ameficha uso kwenye koti la Clovis. Clovis naye analia, mjinga yule, kofia ya mtoto mkononi.

Jumapili, 11 Januari

Raelynn hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu, "Nilikutafuta, Baba. Nilikuwa naangalia lango." Kisha mbele yangu, nje ya kanisa, akamwomba Clovis ampeleke mwakani. Kwa adabu kabisa. Clovis akanitazama kwanza, kana kwamba anaomba ruhusa. Nikajifanya natafuta funguo.

Imeniuma. Usiku sikulala, na asubuhi sikula. Wynell akanimiminia kahawa bila methali, jambo ambalo ni baya zaidi.

Mchungaji alihubiri juu ya unyenyekevu. Mahubiri mazuri sana, natumaini Clovis alisikiliza. Mimi nilitumia muda ule kutafuta chanzo cha kosa, na kabla ya wimbo wa mwisho nimekipata. Pikapu ni ndogo! Ndiyo. Ingekuwa kubwa zaidi isingeingia mlangoni kabisa, na isingeingia, isingenasa. Ningekuwa nyumbani kabla ya saa moja, na mtoto wangu angelia kwenye koti langu.

Nimemwachia Kolby ujumbe kwenye simu. Nimemwambia safari hii asinibanie upana.